Tisa Desemba na Mwaka Uliosahauliwa

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, bendera ya Uingereza iliteremshwa jijini Dar es Salaam na ya Tanganyika ikapandishwa, huku Luteni Alexander Nyirenda akisimika bendera na Mwenge kwenye kilele cha Kilimanjaro. Picha hizo kila mtoto wa shule anazijua. Wasichokijua wengi ni kwamba kulipopambazuka, mkuu wa nchi hiyo huru alikuwa bado Malkia Elizabeth wa Pili, sasa kwa cheo cha Malkia wa Tanganyika, na aliyemwakilisha ni Sir Richard Turnbull, yuleyule aliyekuwa gavana hadi jana yake. Hali hiyo ilidumu mwaka mzima. Jamhuri ilizaliwa tarehe 9 Desemba 1962.

Sikukuu yetu, basi, imebeba matukio mawili, nasi tumeshika lile jepesi.

Lugha yenyewe inalionyesha hilo. Katika mwambao wetu, huru alikuwa kinyume cha mtumwa, na mtumwa aliyeachwa aliitwa mahuru. Kuachwa huru kunahitaji bwana wa kuachia: hati inatoka mkononi mwake, na anayeipokea hushukuru. Jamhuri, kwa asili yake ya Kiarabu, ni umma, watu walio wengi. Hapa hakuna bwana anayetoa kitu. Kuna watu wanaojitawala, au wanaodai kujitawala. Kenya nayo ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963 na kuwa jamhuri siku hiyohiyo mwaka uliofuata, lakini wenzetu wameiita siku yao Jamhuri. Sisi kinywani tumebaki na Uhuru.

Tofauti hii si ya maneno tu. Katika uchaguzi wa 1960 ulioipeleka chama cha TANU serikalini, viti 58 kati ya 71 havikuwa na mpinzani. Kwa hiyo wananchi wengi waliingia kwenye uhuru bila kutumbukiza karatasi yoyote sandukuni. Miezi kumi na mmoja baada ya bendera kupandishwa mambo yalikuwa mengine. Tarehe 1 Novemba 1962 watu wazima wa Tanganyika waliitwa kuchagua Rais, kati ya Julius Nyerere na Zuberi Mtemvu wa chama cha ANC. Nyerere alipata zaidi ya kura milioni moja, Mtemvu elfu 21 na ushei. Matokeo yalijulikana kabla ya kuhesabiwa, nakubali. Hata hivyo, kwa mara ya kwanza mkulima wa Newala na mvuvi wa Kilwa waliulizwa nani awe mkuu wa nchi. Elizabeth hakuna aliyemuulizia.

Mwaka huo una mengine yanayostahili kukumbukwa. Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu Januari 1962, akamwachia Rashidi Kawawa, akarudi kukijenga chama. Kabla ya hapo, Oktoba 1961, Bunge lilikuwa limevutana vikali juu ya nani awe raia, na Nyerere alikuwa tayari kuachia ngazi kuliko kukubali uraia upimwe kwa rangi ya ngozi. Kwangu mimi mjadala ule una uzito kuliko mizinga 21.

Atatokea wa kuniuliza: jamhuri gani hiyo? Mwaka uleule wa 1962 ilitungwa Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini, iliyompa Rais uwezo wa kumfunga mtu bila kumfikisha mahakamani. Katiba ya Jamhuri ilimpa madaraka makubwa, na haki za binadamu hazikuingizwa ndani ya Katiba hadi mwaka 1984. Pingamizi hilo ni la kweli, na ndilo linalonisukuma kutaka mwaka 1962 urudishwe kwenye sikukuu. Siku inayokumbuka bendera peke yake haina cha kumdai mtawala wa leo, maana Mwingereza ameshaondoka. Siku inayokumbuka jamhuri inamruhusu raia kuuliza ahadi ya kujitawala imefikia wapi.

Jina nalo limechangia. Kwa miaka mingi tangazo la serikali limesema "Uhuru wa Tanzania Bara", kana kwamba Mwingereza aliwahi kuitawala nchi ya jina hilo. Jina Tanzania lilipatikana Oktoba 1964. Iliyopata uhuru ni Tanganyika, na kuitaja hakuvunji Muungano.

Ndiyo maana sherehe zilipofutwa hatukuwa na la kusema. Mwaka 2015 fedha zake zilielekezwa kupanua barabara ya Mwenge hadi Morocco jijini Dar es Salaam, nasi tukashika mifagio kufanya usafi. Mwaka 2022 zilikwenda kujenga mabweni ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Nani angepinga bweni? Waliofuta na waliolalamika walikubaliana jambo moja bila kujua: kwamba sikukuu ni gwaride, na gwaride lina gharama zake. Mjadala wa raia juu ya jamhuri yao hauhitaji fungu la bajeti.

Gwaride liwepo au lisiwepo, si hoja. Ombi langu ni kwa walimu wa Historia na wahariri wa magazeti: Desemba hii, kando ya 1961, andikeni 1962.