Malezi makini

Malezi makini ni namna ya kulea ambayo kwayo mzazi hugeuza utunzaji wa kila siku kuwa zoezi la kiroho: kuogesha, kulisha na kubembeleza hufanywa akili ikiwa hapo hapo kwa mtoto. Mizizi yake imo katika tafakuri ya Kibuddha. Marekani iliitambua hasa mwaka 1997, mwalimu wa tafakuri Jon Kabat-Zinn na mkewe Myla walipochapisha kitabu Everyday Blessings, kinachomfananisha mtoto na mwalimu wa Zen aliyehamia nyumbani.

Kiini ni kutua kidogo kabla ya kujibu. Mtoto amemwaga uji mkekani na mkono wa mzazi umeshanyanyuka. Mzazi anavuta pumzi, anaisikia hasira ikimpanda kifuani, ndipo anasema. Huku si kudekeza, maana kanuni za nyumba hubaki palepale. Nadharia ni nyepesi. Ugumu huja saa kumi na mbili jioni, mzazi kachoka, simu inaita.

Katika Plum Village, monasteri iliyoanzishwa Ufaransa mwaka 1982 na mtawa Mvietnam Thich Nhat Hanh pamoja na Chân Không, watoto nao hujifunza kutua kwa kutafakari na kokoto nne zinazowakilisha ua, mlima, maji matulivu na nafasi wazi. Kila kokoto huwekwa kiganjani na kupewa pumzi tatu. Kengele ikilia, wote hutulia, hata aliyekuwa katikati ya sentensi.

Nchini Uholanzi, mwanasaikolojia Susan Bögels aliyafanya malezi haya kuwa kozi ya tiba ya wiki 8 kwa wazazi, bila sharti la dini.