"Charge": Neno Moja, Mizigo Mingi

Leo nalichambua neno la Kiingereza tunalolisikia kila siku: "charge". Asili yake ni Kilatini, likapitia Kifaransa cha kale, na maana yake ilikuwa kupakia mzigo kwenye gari. Ukilishika hilo la mzigo, maana nyingine zote zafuatana.

Simu: Hapa neno limeshakuwa letu, chaji. Betri imepakiwa umeme.

Bei: Mtu "akikuchaji" mia tano, amekutoza. "Charges" kwenye risiti ya benki ni ada au makato.

Kazi: Aliye "in charge" ni msimamizi. Zahanatini twamwita inchaji. Yeye ndiye aliyebebeshwa dhamana.

Polisi: "Charge" ni shtaka, na "charge sheet" ni hati ya mashtaka. Kukamatwa si kushtakiwa. Kifungu cha 49 cha Katiba kinampa aliyekamatwa haki ya kuelezwa sababu bila kucheleweshwa, kwa lugha anayoifahamu.

Ardhi: Hapa naomba tusimame kidogo. Kwenye makaratasi ya mkopo, "charge" juu ya ardhi ni rehani. Deni limepakiwa juu ya shamba au nyumba yako; usipolipa, linaweza kuuzwa. Nimewasikia watu wazima, wenye akili zao, wakidhani ni ada ndogo ya benki, wakatia sahihi.

Sheria ya Ardhi ya 2012 imeweka kinga. Ukishindwa kulipa, mkopeshaji lazima akupe notisi yenye muda usiopungua miezi mitatu wa kulipa, kisha notisi nyingine ya siku 40 kabla ya kuuza. Na nyumba ya ndoa haiwekwi rehani kihalali bila idhini ya mke au mume anayeishi humo. Lakini kinga hizi zamfaa anayejua kwamba ameweka rehani.

Wazee walisema kuuliza si ujinga. Ukiletewa karatasi yenye neno hili, uliza: huu ni mzigo gani, na umewekwa juu ya nini? Ukiambiwa ni juu ya ardhi, usitie sahihi siku hiyo. Rudi nyumbani ushauriane na wenzako, kisha umuone wakili akusomee kwa Kiswahili.