Matatu za Eastlands na Fundisho la Soko Huru

Biashara ya matatu katika mitaa ya Eastlands, Nairobi, ilizaliwa nje ya mpango wa serikali, ikakuzwa na watu waliotafuta riziki yao, kisha ikafika mahali ambapo haingeweza kuachwa bila sheria. Kwa hiyo historia yake inaonyesha vizuri nguvu na mipaka ya fundisho la soko huru, lililoenezwa na wanauchumi wa karne ya 18 na 19, akiwemo Mskoti Adam Smith.

Serikali ya kikoloni iliijenga Eastlands iwe makazi ya wafanyakazi Waafrika. Pumwani ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Shauri Moyo ilifuata mwishoni mwa miaka ya 1930, kijiji cha Pangani kilipobomolewa na wakazi wake kuhamishwa. Kaloleni, Bahati na mitaa mingine ilijengwa katika miaka ya 1940 na 1950. Wakazi walifanya kazi viwandani na katikati ya jiji, na wengi walikwenda na kurudi kwa miguu, maana nauli ya basi ilikula sehemu kubwa ya mshahara.

Mabasi yenyewe yalikuwa ya kampuni moja, Kenya Bus Service, iliyoanza kazi mwaka 1934. Mwaka 1966 Halmashauri ya Jiji iliipa kampuni hiyo haki ya kubeba abiria jijini peke yake, nayo halmashauri ikapata asilimia 25 ya hisa. Tangu hapo mwingine yeyote aliyebeba abiria kwa malipo alikuwa akivunja sheria.

Hata hivyo walikuwapo. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, Waafrika waliomudu kununua magari makuukuu walikuwa wakiwabeba wakazi wa Eastlands kwa senti 30, yaani mapeni matatu ya senti kumi kumi, na ndiko jina la matatu lilikotoka. Polisi waliwakamata na mahakama ziliwatoza faini, lakini abiria waliendelea kupanda, kwa kuwa gari hilo lilipita karibu na nyumbani na kusimama popote walipotaka.

Hali kama hiyo ndiyo aliyoichambua Smith katika kitabu chake cha mwaka 1776 kuhusu utajiri wa mataifa. Alieleza kwamba muuza nyama na muoka mikate hawamlishi mteja kwa huruma. Kila mmoja hujitafutia faida, na kwa kufanya hivyo humpatia mwenzake anachohitaji. Alizipinga kwa ukali haki za pekee zilizotolewa na dola, zikiwemo zile za Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki. Kwa maoni yake, mfanyabiashara asiye na mshindani huuza ghali, huhudumia vibaya, na humfungia maskini njia ya kutumia nguvu na ujuzi wake. David Ricardo mwaka 1817, na baadaye John Stuart Mill, waliyaendeleza mawazo hayo, na mwaka 1846 Uingereza ikafuta sheria zilizozuia nafaka za bei nafuu kutoka nje.

Kenya huru haikulifuata fundisho hilo lote. Waraka wa Bunge Na. 10 wa 1965 ulikubali mali ya mtu binafsi, lakini ukaiachia serikali mamlaka ya kupanga na kudhibiti uchumi. Mlango wa matatu ulifunguliwa mwaka 1973, Rais Jomo Kenyatta alipotangaza kwamba ziruhusiwe kubeba abiria bila leseni ya Bodi ya Leseni za Uchukuzi.

Tangazo hilo lilikuja wakati Eastlands ikipanuka kwa kasi. Buruburu na Umoja zilijengwa miaka hiyo ya 1970, na mwaka 1975 ukaanza mradi wa Dandora wa viwanja vipatavyo 6,000, kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Jiji lilikuwa limegawa viwanja na nyumba kabla ya kupanga usafiri wa kutosha. Matatu zilizifuata familia hizo hadi kwenye barabara za vumbi na matope, kwa sababu palipokuwa na watu palikuwa na nauli. Biashara hiyo iliwaajiri madereva, makanga, mafundi, manamba wa kuita abiria steji, na wachoraji waliozipamba. Masharti ya uagizaji yalipolegezwa katika miaka ya 1990, magari yaliyotumika Japani yaliingia kwa wingi, na watu wengi zaidi wakaweza kuanza biashara hiyo. Katikati ya ushindani huo, kampuni ya Stagecoach ya Uingereza, iliyoinunua Kenya Bus mwaka 1991, iliondoka mwaka 1998.

Lakini faida hiyo hiyo ilileta madhara. Dereva alitakiwa kumpelekea mwenye gari hesabu ya kila siku, yaani kiasi cha fedha kilichowekwa, naye na makanga wakabaki na kilichozidi. Mpango huo uliwasukuma kujaza abiria kupita kiasi na kuendesha kwa kasi, na gharama ya ajali ikawaangukia waliopanda. Sheria ya mwaka 1984 ilidai matatu zikaguliwe na kupewa leseni. Mwaka 2004 Waziri John Michuki alisimamia utekelezaji wa kanuni za mikanda ya viti, vidhibiti mwendo vya kuzuia kasi isizidi kilomita 80 kwa saa, sare za wafanyakazi na mstari wa manjano ubavuni mwa gari.

Wanaodhani Smith angepinga kanuni hizo hawajamsoma hadi mwisho. Yeye mwenyewe alikubali kwamba uhuru wa wachache unaohatarisha usalama wa jamii nzima lazima uzuiwe, akatoa mfano wa sheria inayolazimisha kuta za kuzuia moto usienee kati ya nyumba na nyumba.

Alionya pia kwamba watu wa biashara moja wakikutana, hata kwa sherehe, mazungumzo yao huelekea kupandisha bei. Eastlands ililiona hilo kwa sura mbaya zaidi. Kundi la Mungiki lilijitwalia steji na njia kadhaa za jiji na kutoza ada kwa nguvu, na aliyekataa alihatarisha maisha yake. Mwezi Machi 2002 uhasama kati yake na kundi lililojiita Taliban uliishia katika mauaji ya watu zaidi ya 20 huko Kariobangi Kaskazini. Penye mtutu au panga hapana soko, maana mnunuzi na muuzaji hawana tena hiari.

Tangu mwishoni mwa mwaka 2010 serikali imewataka wenye matatu wajiunge na vyama vya ushirika, yaani sacco, au kampuni, na kanuni za 2014 zikadai kila chombo kiwe na magari yasiyopungua 30. Mpango huo umeipa serikali mtu wa kumuuliza maswali ajali inapotokea. Umeweka pia kizingiti, kwa kuwa mwenye gari moja hawezi kuingia njia yoyote bila kukubaliwa na waliomtangulia.

Matatu zilipigania uhuru wa kubeba abiria wakati jiji lilipowanyima wakazi usafiri, na ushindi wao ulikuwa wa haki. Uhuru huo unamfaa mkazi wa Dandora au Kayole pale tu anapofika kazini akiwa mzima, na nauli anayolipa inapokuwa imetokana na ushindani wa kweli. Mambo hayo mawili yanahitaji dola inayolinda usalama bila kuuza upendeleo.