SOKO: Asili ya neno na maana zake kati ya Nakivale na Mbarara

Soko ni mahali ambapo muuzaji na mnunuzi hukutana. Hivyo ndivyo Waswahili wanavyolielewa neno hili. Lakini katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, neno hilo hilo hutamkwa na watu wa mataifa mengi, na si wote wanaokusudia jambo moja. Kwa anayepeleka mzigo Rubondo, mojawapo ya kanda tatu za makazi hayo pamoja na Juru na Base Camp, tofauti hiyo yaweza kugharimu safari nzima.

Asili ya neno

Kiswahili kilipata neno soko kutoka Kiarabu, suq. Wataalamu wa lugha hulihusisha na lugha za kale za Mashariki ya Kati, ambako katika Kiakadi, sūqu ilikuwa njia au mtaa. Biashara ilifanyika njiani, na jina la njia likawa jina la biashara.

Kiswahili kililipa wingi wa masoko na kulieneza bara pamoja na misafara. Kinyarwanda na Kirundi husema isoko, wingi amasoko. Kisomali nacho kina suuq, kama katika Suuqa Bakaaraha, soko kubwa la Mogadishu.

Wenyeji wa Mbarara wana neno lao. Kwa Kinyankole soko ni akatare, na kwa Kiganda ni akatale. Mkongo anayezungumza Kilingala husema zando.

Neno moja, maana tofauti

Nakivale ilianzishwa mwaka 1958 na ikapokea kwanza Wanyarwanda. Baadaye walifika Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengine. Hapo ndipo maana zinapokutana.

Kwa Kiamhari, suq ni duka, si soko. Soko ni gebeya. Mwethiopia akisema mzigo upelekwe suq, anakusudia mlangoni pa duka lake. Msomali akisema suuq, anakusudia soko. Duka kwake ni dukaan, neno ambalo nalo lina asili moja na duka la Kiswahili.

Kwa Kinyarwanda, isoko lina maana ya ziada. Amasoko ya Leta ni zabuni za serikali, sawa na Kifaransa ambacho hutumia neno marché kwa soko na pia kwa mkataba wa ununuzi. Kwa hiyo Mnyarwanda akisema amepata isoko, huenda ameshinda zabuni. Mswahili akisema amepata soko, maana yake amepata wateja tu, na wateja wanaweza kuondoka kesho. Anayemkopesha mwenzake mahindi au maharage kwa kutegemea neno hilo ni vema aulize kwanza: ni mkataba au ni matumaini?

Aidha, isoko ni pia chemchemi ya maji, ijapokuwa matamshi hutofautiana.

Mfano kutoka Asia

Hali hii si ya Afrika Mashariki peke yake. Wanaoagiza bidhaa China au magari yaliyotumika Japani hukutana na herufi 市 kwenye anwani. Kwa Kichina husomwa shi. Asili yake ni mahali pa kununua na kuuza, lakini leo ni mji pia: 广州市 ni Jiji la Guangzhou, na 市场 (shichang) ni soko. Kwa Kijapani herufi hiyo husomwa shi ikiwa ni mji, kama 横浜市, Jiji la Yokohama, na ichi ikiwa ni soko. Kwa Kikorea, sijang ni soko na pia ni meya, kwani herufi ya pili ya maneno hayo mawili ni tofauti ila matamshi ni yale yale. Kwa Kivietinamu imekuwa thị, kama katika thị trường, yaani soko. Kwa hiyo anayeona 市 mwishoni mwa jina la mahali asidhani ameandikiwa jina la soko. Huo ni mji.

Kwa msafirishaji

Neno soko peke yake halitoshi kwenye hati ya mzigo. Iandikwe kanda, jina la soko au la duka, na wilaya. Hata Rubondo lina mwenzake: ni jina la kisiwa cha Tanzania katika Ziwa Victoria, ambacho ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1977. Mzigo wa Nakivale uandikwe Rubondo, Nakivale, Isingiro, Uganda. Mbarara, ambayo ni jiji tangu Julai 2020, ni mahali pengine na wilaya nyingine.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Swali moja kabla ya kuwasha gari ni nafuu kuliko mafuta ya kurudi.