The Head Cat

The Head Cat ni bendi ya Marekani ya rokenroli na rokabili iliyoundwa na Lemmy Kilmister, mwimbaji na mpiga besi wa Motörhead, pamoja na mpiga dramu Slim Jim Phantom wa Stray Cats na mpiga gitaa Danny B. Harvey. Chimbuko lake ni kazi ya pamoja ya kurekodi albamu ya kumuenzi Elvis Presley mwaka 1999. Jina lake limeunganisha majina ya bendi nyingine za wanachama. Albamu yao ya mwaka 2000 ilitolewa upya 2006 kwa jina la *Fool's Paradise*. *Walk the Walk... Talk the Talk* ikafuata 2011.

Kuiita bendi hii burudani ya pembeni ya mwanamuziki wa hevi metali ni kuipunja. Kilmister, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1945, alikulia katika rokenroli ya miaka ya 1950, na maisha yake yote alisisitiza kwamba Motörhead yenyewe ilipiga rokenroli, si metali. Yawezekana kupinga kwa hoja kwamba The Head Cat ilirudia zaidi nyimbo za wengine, wakiwemo Buddy Holly na Carl Perkins. Ni kweli, hata albamu ya 2011 ina nyimbo mpya mbili tu. Lakini marudio hayo ndiyo ushahidi wenyewe: kelele za Motörhead zikiondolewa, hubaki mapigo yaleyale ya kasi na sauti ileile ya mkwaruzo. Kilmister alifariki tarehe 28 Desemba 2015.