Beit al-Ajaib: kaka alijenga, dada akafungiwa mlango

Kwetu Tigania nyumba yenye heshima ya kale ni ile ya Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Wameru, pale Nchiru, si mbali na Kianjai, na hata mtoto anajua hapaingiwi ovyo. Zanzibar nao walikuwa na yao: Beit al-Ajaib, iliyoikabili bahari pale Forodhani tangu 1883. Siku ya Krismasi mwaka 2020 sehemu yake kubwa iliporomoka pamoja na mnara wa saa, ukarabati uliofadhiliwa na Oman ukiendelea. Watu wawili walikufa.

Tangu hapo imeombolezwa kwa sifa zilezile: taa za umeme, lifti, na mlango mpana ambao, wasemavyo, Sultani Barghash bin Said angepita akiwa juu ya tembo. Mimi naanzia kwa dada yake.

Salme binti Said alichapisha kumbukumbu zake Berlin mwaka 1886. Anasimulia kwamba baada ya baba yao, Seyyid Said, kufariki mwaka 1856, kaka yao Majid alishika utawala wa Zanzibar na Barghash hakuridhika. Mwaka 1859 njama ikaiva. Salme, msichana wa miaka 15 hivi, ndiye aliyekuwa karani wa waasi, kwa kuwa alijua kuandika, jambo alilojifunza kwa siri kwa kunakili herufi za Kurani kwenye mfupa wa bega la ngamia. Majid alipoizingira nyumba ya Barghash, Salme na dada yake Khole walimtoa kaka yao akiwa amevaa kike. Askari hawakuthubutu kuwafunua mabinti wa Sultani. Barghash akafika shamba la Marseille, akapigana, akashindwa baada ya Waingereza kumsaidia Majid. Akapelekwa uhamishoni Bombay kwa miaka miwili.

Bombay ndiyo iliyomfungua macho. Alipokalia kiti cha enzi mwaka 1870 aliuletea mji maji ya bomba kutoka Chemchem, kisha akajenga jumba hili la sherehe: milango ya kuchonga yenye aya za Kurani, sakafu za marumaru, ukumbi wa katikati ulio wazi hadi juu, na roshani pana kila upande juu ya nguzo za chuma zilizoagizwa nje. Uarabuni, India na Ulaya chini ya paa moja. Fedha zilitoka kwa karafuu na, tusifichane, kwa jasho la watumwa, ingawa soko lao alilifunga mwenyewe mwaka 1873 kwa shinikizo la Waingereza. Vivuko vilivyoezekwa vililiunganisha na majumba jirani ili wanawake wapite bila kuonekana.

Salme hakuwa miongoni mwa wanawake hao. Alitoroka mwaka 1866 akiwa na mimba, akaolewa na Mjerumani, Heinrich Ruete, akawa mjane mwaka 1870. Barghash alipozuru London mwaka 1875, Salme alimfuata huko, lakini Waingereza walimshawishi asimwone, wakimwahidi kuwaangalia wanawe. Ahadi ikayeyuka. Mwaka 1885 alirudi Zanzibar na manowari za Kijerumani kudai urithi. Kaka aliyeokolewa na dada zake kwa mavazi ya kike alikataa hata kumpokea. Majid aliyefanyiwa njama, kwa maneno ya Salme mwenyewe, alikuwa amemsamehe zamani.

Yaliyofuata yanajulikana. Agosti 27, 1896, Waingereza waliyapiga majumba ya kifalme kwa mizinga kwa chini ya saa moja. Beit al-Ajaib ikasalimika, mnara wa taa uliokuwa mbele yake ukaharibika, na mwaka uliofuata ukasimama mnara wa saa. Zikaja ofisi za serikali ya kikoloni, kisha, baada ya Mapinduzi ya 1964, shughuli za chama tawala, mwishowe makumbusho.

Mwaka 2000 UNESCO iliuorodhesha Mji Mkongwe kuwa urithi wa dunia. Cheti hakizibi paa. Mwaka 2012 sehemu ya roshani ilianguka, na jengo lililostahimili mizinga likaachwa miaka kadhaa zaidi linywe maji ya mvua. Serikali imeahidi kulijenga upya. Wakifika kwenye vyumba vya maonyesho, nashauri tembo apunguziwe nafasi, apewe Salme. Chumba chake kilitengwa katika jumba la jirani, Beit al-Sahel.