Kitenzi Kimoja na Nyaya za Intaneti za Marekani

Wako wasemao kwamba kazi ya kupima maana za maneno haina faida sokoni. Historia ya biashara ya intaneti nchini Marekani yashuhudia kinyume chake, kwani humo kitenzi kimoja kiliamua ni nani awezaye kupitisha biashara yake katika nyaya zilizokwisha kutandazwa.

Nyaya hizo asili yake ni televisheni. Mwaka 1948, katika sehemu za Pennsylvania na Oregon ambako milima ilizuia mawimbi, watu walisimamisha milingoti mahali pa juu wakayaleta mawimbi majumbani kwa waya. Baadaye makampuni yalipata idhini za miji kutandaza nyaya, na karne ilipokaribia kwisha nyaya zizo hizo zikachukua intaneti.

Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 1996 ilitenga mafungu mawili. "Huduma ya mawasiliano" ni kuwatolea watu, kwa malipo, upelekaji wa habari pasipo kuzigeuza. Mwenye huduma hiyo ni mfano wa mwenye kivuko: hana ruhusa ya kubagua abiria, na nauli yake yapasa kuwa ya haki. "Huduma ya habari" ni kuwatolea watu uwezo wa kupata, kuhifadhi na kugeuza habari. Nayo haikutwikwa wajibu huo.

Je, intaneti ya waya i katika fungu lipi? Mwaka 2000, katika kesi ya mji wa Portland, mahakama ya rufani ilisema kwamba ndani yake mna huduma ya mawasiliano. Mwaka 2002 Tume ya Mawasiliano ya nchi hiyo ikaamua kwamba ni huduma ya habari tu. Brand X, kampuni ndogo ya California iliyouza intaneti, ikapinga.

Tarehe 27 Juni 2005 Mahakama ya Juu iliipa Tume ushindi, majaji 6 kwa 3. Shauri zima lilisimama juu ya kitenzi "offer", yaani huko "kuwatolea watu". Jaji Thomas alieleza kwamba mwuza motokaa husemwa kutoa motokaa, wala hasemwi kutoa injini. Neno lina utata, na penye utata tafsiri ya Tume hufuatwa ikiwa ni ya busara. Jaji Scalia alikataa: mwuza piza akuleteaye chakula mlangoni hawezi kudai kwamba hatoi huduma ya kupeleka, eti kwa sababu huoka pia.

Tangu hapo maana imegeuka kila serikali ilipogeuka. Mwaka 2015 Tume iliiita intaneti huduma ya mawasiliano. Mwaka 2017 ikatangua. Mwaka 2024 ikarejesha. Mwaka huo huo wa 2024 Mahakama ya Juu iliwaondolea majaji sharti la kufuata tafsiri za tume, na tarehe 2 Januari 2025 mahakama ya rufani ikairudisha intaneti katika fungu la habari.

Waya haukubadilika, wala sheria haikuandikwa upya. Kilichobadilika ni msomaji wake. Basi watungao sheria na wazitafsirio hawana budi kukumbuka kwamba neno wasilolifafanua litafafanuliwa na mwingine, naye huenda ana maslahi katika jawabu.